Nafanyia kazi barazani kwa fundi cherehani

Nyumbani nina meza nzuri ya mninga. Nilimlipa seremala hela ya maana, nikaiweka dirishani panapoingia upepo. Kwenye meza hiyo nimeweza kutazama video za watu wakikaanga samaki, kusoma mabishano ya Simba na Yanga ya misimu iliyopita, na kuinuka kwenda kupanga kabati la vyombo ambalo halikuwa na shida yoyote. Kazi yangu ya kutafsiri nyaraka naifanyia barazani kwa jirani, juu ya stuli ya plastiki, pembeni ya cherehani ya kukanyaga.

Ilianza siku umeme ulipokatika. Chumbani joto kama tanuri, nikabeba kompyuta nikaomba nikae kwa mama fundi mpaka urudi. Ulirudi baada ya nusu saa. Mimi niliinuka saa kumi na moja jioni, nimemaliza kurasa sita zilizonishinda wiki nzima. Hatukuzungumza la maana. Yeye alikuwa akipinda sketi za shule, mimi nikipambana na vifungu vya mkataba.

Nikisimulia hivi watu huniambia, "Unaogopa kuonekana mvivu tu." Sikubali. Nimewahi kuajiriwa ofisini ambako bosi alikaa nyuma ya kioo akituona wote, na sijapata kuwa mvivu kama miaka ile. Unajifunza kukunja uso mbele ya skrini, basi. Mama fundi hanitazami, wala hana haja na mkataba wangu. Kinachonishika ni mwendo wake. Mguu unakanyaga, gurudumu linazunguka. Uzi ukikatika analamba ncha, anautia tena sindanoni, anaendelea bila kuguna. Ukikaa ubavuni mwa mtu kama huyo, kuinuka kwenda kutafuta karanga ni kama kutoka msikitini imamu hajatoa salamu.

Wala si jambo geni kwetu. Unguja na Pemba akina mama husuka ukili wamekaa pamoja, kila mmoja na wake mkononi. Tuliosoma bweni tunaikumbuka prepo, na wale waliotia miguu kwenye beseni la maji baridi wasisinzie. Waliopita Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wanavijua vimbweta, zile meza na viti vya zege vya kusomea nje: mtu wa sheria na mtu wa uhandisi kwenye zege moja, hawana cha kusaidiana, lakini hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kufunga daftari. Halafu tunamaliza chuo, tunaambiwa mtu mzima hujisimamia mwenyewe. Sijui nani alipitisha sheria hiyo.

Wataalamu wa saikolojia wamelichunguza jambo hili zamani. Mwaka 1898 Mmarekani Norman Triplett aliandika kwamba waendesha baiskeli hukimbia zaidi wakiwa na wenzao kuliko wakiwa peke yao. Lakini utafiti ninaoupenda mimi ni wa mende. Mwaka 1969 Robert Zajonc na wenzake waliwawashia mende taa, nao, kama wa jikoni kwako, wakatimua mbio kutafuta giza. Njia ikiwa imenyooka, mende aliyetazamwa na mende wenzake alifika upesi kuliko aliyekuwa peke yake. Njia ikiwa na kona ya kutafuta, wenzake walimchelewesha. Yaani kuwa na mwenzio kunakuongezea kasi kwenye kazi unayoijua, na kunakuvuruga kwenye ile ambayo bado unaitafutia njia.

Hapo ndipo nilipojielewa. Mkataba wa upangaji ni njia iliyonyooka. Nimetafsiri mingi mno. Siku nilipojaribu kuandika hotuba ya harusi ya mdogo wangu palepale barazani, nilifuta sentensi ya kwanza mpaka adhuhuri. Kazi ya namna hiyo sasa naifanya alfajiri, peke yangu, kabla jogoo wa jirani hajaanza fujo zake.

Siku hizi kuna hadi huduma za intaneti za kukukutanisha na mtu usiyemjua kwa video. Focusmate ni mojawapo: mnaambiana kila mmoja atafanya nini, mnanyamaza, muda ukiisha mnaulizana mmefikia wapi. Inatumiwa sana na watu ambao akili zao haziketi mahali pamoja. Niliijaribu. Inafanya kazi kweli, ila bando langu lilikata katikati, nikabaki namtazama mzee wa watu ameganda kwenye skrini mdomo wazi.

Mama fundi bila kusoma popote anafuata utaratibu uleule. Nikishamwamkia huuliza, "Marahaba baba, leo zipi?" Nataja kurasa. Jua likishuka huuliza, "Zimeisha?" Maswali mawili tu, na la pili nalisikia kichwani tangu saa tisa. Simu yangu hukaa kwenye kopo lake la vifungo. Ikiita, anachungulia jina: "Si mama yako. Endelea."

Si kila mtu anafaa, lakini. Nilihamia kwa kinyozi siku chache fundi alipougua. Kinyozi ni kijana mchapakazi, ila ana televisheni, na kila mteja anashuka kwenye kiti na maoni yake juu ya kocha. Rafiki yako wa karibu naye hafai. Mtamaliza chai mbili kabla ya ukurasa mmoja. Tafuta mtu mwenye kazi yake ya mikono, asiyekuwa na hamu kubwa na maisha yako.

Wiki hii fundi amekwenda Tanga harusini, na hatarudi mpaka Jumatatu. Ripoti niliyoahidi kwa Ijumaa imebakiza kurasa kumi na saba. Nipo kwenye meza ya mninga, upepo unapuliza vizuri, na tangu asubuhi nimeandika makala hii.