Yungiyungi jeupe mimi nalichagulia jani

Ijumaa moja ya mwezi wa tano, mume wangu alikatiza bustanini akienda msikitini. Aliporudi, kanzu yake ilikuwa na mchirizi wa manjano kuanzia gotini hadi pajani. Mama mkwe akaniita: "Mwanangu, manjano haya yametoka wapi?" Siku ile sikuwa nimeshika manjano hata kidogo.

Nikenda kwenye mayungiyungi yangu ya siku moja, yale ya bustani yaitwayo daylily kwa Kiingereza, nikageuza jani. Chini yake palijaa vipele vidogo vilivyopasuka, vikimwaga vumbi la rangi ya chungwa. Juu ya uchafu ule ua lilikuwa limesimama, jeupe, safi kabisa. Niliumia, maana weupe ule ndio nilioununua.

Wauzaji wa miche hukuonyesha picha ya ua. Lakini ua hili hufunguka asubuhi na usiku limenyauka, na jani unaishi nalo mwaka mzima. Kwa hapa Malindi, mwenye kuchagua yungiyungi kwa ua peke yake anajitafutia maradhi.

Vumbi lile ni ugonjwa uitwao kutu. Kutu hii ni kuvu, jina lake la kitaalamu Puccinia hemerocallidis. Asili yake ni Asia ya mashariki, na Marekani ilionekana mwaka 2000. Juu ya yungiyungi haiishi ila katika jani bichi. Kwenye baridi kali majani hufa, nayo ikafa pamoja nayo. Sisi baridi hiyo hatuna. Masika yakiingia na kusi kuvuma, jani hulala na maji usiku kucha. Saa tano au sita za unyevu zamtosha kuvu kuota, na baada ya wiki moja au mbili vipele vimetoka. Ndiyo maana nimeacha kumwagilia jioni. Namwaga maji asubuhi, chini shinani.

Maua meupe yana mtihani wa ziada. Yungiyungi la siku moja lililo jeupe kabisa halipo. Yote yana umanjano kidogo, au uwaridi, na koo la kijani. Watu huhangaikia weupe zaidi na zaidi, jani likasahauliwa. Joan Senior, jeupe mashuhuri lililosajiliwa mwaka 1977, lilitajwa Marekani miongoni mwa yaliyoshikwa vibaya na kutu. Mimi afadhali weupe wa tui wenye jani safi.

Na orodha za watu wa mbali za "yasiyoshika kutu" zisikutoshe. Kutu ina aina zake, na mmea unaostahimili aina moja waweza kushindwa na nyingine. Wakulima wetu wa ngano wanalijua hilo: kutu ya Ug99, iliyogunduliwa Uganda mwaka 1998, ilishinda kinga ya jeni iitwayo Sr31 ambayo ngano nyingi duniani zilikuwa zikiitegemea. Yungiyungi lako lijaribu hapa hapa. Mche mgeni mimi nauweka chungu kwa chungu na ule mgonjwa, masika nzima, bila dawa. Ukipiga dawa hutajua kinga ni ya mmea au ya chupa.

Kwa anayezalisha, hili ni zito zaidi. Asubuhi, ua likiwa bado bichi, nachukua chavua ya jeupe zuri na kuigusisha kwenye ncha ya kile kijiti kirefu cha ua la mmea uliovuka masika bila doa. Hesabu kromosomu kwanza, yaani zile nyuzi za urithi ndani ya seli: mmea wenye 22 hauzai na wenye 44. Tumba la mbegu hukauka baada ya wiki sita hadi nane, na ndani mna mbegu nyeusi zinazong'aa. Miche yake haifanani na wazazi, hata na ndugu zake. Hapo ndipo moyo unapotakiwa kuwa mgumu. Mwaka jana nilikuwa na miche thelathini na mmoja. Nikang'oa ishirini na sita kabla sijaona hata ua moja. Shoga yangu alinisihi nisubiri yachanue kwanza. Nilikataa. Ningeliona ua, nisingeling'oa.

Mitano iliyobaki naipangusa majani kila Ijumaa kwa kipande cha bafta. Juzi mmoja umetoa shina la maua, na bafta imetoka na umande na mchanga tu.