Kila Tukifika Namba Kumi na Moja, Giza

Kikundi chetu cha VICOBA hapa Mwanga, Kigoma, kimeandika hesabu kwenye kaunta buku miaka nenda rudi, na kaunta buku zote zinanuka dagaa. Katibu ni mimi, na biashara yangu ni dagaa, sasa zingenuka nini? Siku wanachama walipokubali tununue laptopu, Mwenyekiti alitoa sharti moja tu: katibu anawe mikono kwanza.

Laptopu ilitoka Dar kwa treni, zaidi ya kilomita 1,200 za reli, na kijana aliyeibeba nilimpigia simu kila stesheni yenye mtandao mpaka akaacha kupokea. Ilifika salama na nailoni zake zote. Sikuzitoa. Mtu unatoaje nailoni kwenye kitu kipya? Kochi langu lina miaka saba, bado linazo. Nikaifumia na kitambaa cha kuifunika, kina maua pembeni.

Wiki ya kwanza tuliishi vizuri. Ya pili vituko vikaanza. Nimekaa naandika marejesho, mara kioo pu, giza. Naigusa tachipadi, kimya. Nabonyeza spesi, nabonyeza enta, napapasa yale mabatani ya juu yenye vipicha kama mtu anayetafuta kiberiti usiku. Wapi! Nikiinuka kwenda kumwita mtu, nikirudi naye nakuta kioo kimewaka chenyewe, kinatutazama. Ila sasa kishale hakitembei. Nasugua tachipadi kama naparua magamba ya mgebuka, kishale kimekaa pale pale.

Nikaenda kwa fundi wangu karibu na soko. Akaangalia, akabonyeza kibatani kimoja cha juu chenye picha ya kamraba kaliyokatwa mstari, kishale kikakimbia.

"Mama, tachipadi umeizima mwenyewe."

"Na giza je?"

Akakaa nayo nusu saa, anaandika kwa mikono miwili, ananisimulia mambo ya Simba na Yanga. Kioo hakikupepesa hata jicho. "Iko fiti, mama." Elfu tano.

Nilirudi mara ya pili. Akabadilisha mipangilio ili kioo kisizime kamwe, akaweka upya programu zinazoendesha kioo, na akanifundisha kuwa kikigoma kuwaka nibonyeze kwa pamoja batani ya Windows, Ctrl, Shift na B. Nikaiandika kwenye kiganja. Kisha bila hata kuniuliza akachuna nailoni ya kwenye tachipadi, eti ilishaingia vumbi na viputo. Sauti ya ile nailoni ikichunwa, krrrr, niliisikia tumboni. Elfu tano nyingine. Nikaifikisha nyumbani, nikaandika mistari miwili, giza. Nikabonyeza zile batani nne kwa vidole vya mikono yote, giza likakaa vile vile.

Mara ya tatu sitaki hata kuieleza. Ilikuwa elfu tano.

Majirani nao hawakuniacha hivi hivi. Mmoja akasema ni umeme, kwa sababu hapa kwetu tulizoea majenereta hadi kila kitu kikiharibika lawama inakwenda kwenye umeme. Nikamwambia ipo kwenye betri, haijachomekwa. Akanyamaza kidogo, akasema basi umetupiwa kitu. Mwingine akashauri niifukize ubani. Jamani, niliifukiza. Ilinukia vizuri sana, kisha ikazima.

Sasa njoo kwenye mkutano wa Jumamosi, chini ya mwembe. Utaratibu wetu ni kwamba nasoma majina kwa namba, kila mtu anasikia hisa zake na deni lake. Mimi ni namba kumi na moja. Na hapo lazima niseme ukweli: nilikuwa na mkopo wa 400,000 niliochukua kununulia dagaa Kibirizi, na marejesho yalikuwa yamelala. Wavuvi wetu wanavua dagaa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikitoka dagaa hawaifuati taa, mitumbwi inapumzika. Mimi nilikopa kama mtu asiyejua kuwa mwezi upo.

Kwa hiyo namba moja hadi kumi nilikuwa nashusha ukurasa kwa kidole cha mkono wa kulia, vizuri kabisa. Nikikaribia kumi na moja nasogea mbele kidogo, nauweka mkono wa kushoto juu ya laptopu, naegemea, ili waliokaa ubavuni wasione ule mstari. Pu. Giza.

Jumamosi ya kwanza walinipa pole. Ya pili wakatazamana. Ya tatu Mweka Hazina, mama asiyesahau hata shilingi mia ya faini ya 2019, akavua miwani.

"Katibu, hii laptopu mbona inazimikia kwako tu?"

"Hata mimi sielewi, dada."

"Ina huruma," akasema mzee mmoja nyuma, na kikundi kizima kikaangua kicheko. Mimi nilicheka pia, lakini cha kwangu kilitokea upande mmoja wa mdomo.

Jumatatu yake nilikwenda kwa fundi nikiwa na Mweka Hazina pembeni, kama mahabusu na askari wake. Fundi alikuwa amefungua simu ya mtu, skrubu zake amezipanga kwenye kisahani cheupe, ndogo kama mbegu za mchicha. Nikaketi, nikaweka mkono wa kushoto mezani ili nianze kulalamika.

Tik. Tik-tik. Tik.

Skrubu zikaruka kutoka kwenye kisahani, zikanasa kwenye bangili yangu. Nne. Ya tano ikajiburuta taratibu, ikasimama kwa kichwa, ikaruka na yenyewe. Fundi akaacha bisibisi hewani.

"Mama, hiyo bangili ni ya nini?"

Nikamwambia ni ya sumaku, niliinunua stendi kwa mchuuzi mwenye kipaza sauti, 15,000, inashusha presha. (Nesi wangu wa kliniki ameiona, na vidonge vyangu anaendelea kunipa vile vile kama hajaona kitu.)

Fundi hakusema neno. Alinivua bangili, akazing'oa skrubu zake moja moja, akaiwasha laptopu, akaipitisha bangili pole pole kwenye ukingo, kuanzia kulia. Hakuna kitu. Ilipofika kona ya kushoto, pale kiganja changu kinapokaaga, pu. Akaiondoa, kioo kikawaka. Akairudisha, giza.

Kumbe ndani ya kifuniko cha laptopu kuna kasumaku, na chini upande wa batani kuna sensa, kidude cha kuhisi sumaku, inayokasubiri. Vikikutana, laptopu inajua imefungwa, inazima kioo na kulala. Mimi kila nikiweka mkono naiambia lala, halafu naishtaki kwamba haiamki. Na kabla haijalala sawasawa, mimi napapasa mabatani gizani, naizima na tachipadi. Fundi akaandika amri fulani, powercfg, ikatoka ripoti ndefu ya kila usingizi na sababu yake. Akatusomea: kifuniko, kifuniko, kifuniko.

"Wewe hukuwahi kuifunga?" Mweka Hazina akauliza.

"Sijawahi. Naogopa kuikwaruza, naifunika kitambaa tu."

Alishika mlango wa kibanda kwa kucheka. "Bangili ya kushusha presha!" akasema. Akajaribu kuendelea, akashindwa, akakaa kwenye benchi. Fundi siku hiyo hakunitoza, nadhani alikuwa anakumbuka zile elfu kumi na tano.

Jumamosi nilifika nimenyanyua kichwa. Nikawaonyesha: bangili kona ya kushoto, giza, ondoa, mwanga. Kila mtu akataka kujaribu. Yule mzee wa nyuma aliifanya mara sita, anapuliza kiganja kama mfanya mazingaombwe. Nikapewa pole upya na samahani juu, nami nikazipokea zote kwa taratibu za mtu aliyeonewa.

Kisha Mweka Hazina akanyoosha mkono.

"Lete bangili, katibu."

Akaitia kwenye sanduku la kikundi, ikanasa ubavuni kwa ndani, tik. Wenye funguo wakaja, wakafunga kufuli zote tatu. Akavaa miwani yake.

"Haya, soma. Mpaka namba kumi na moja."

Nikasoma. Nilipofika kumi, mkono wangu wa kushoto ukapanda wenyewe juu ya laptopu, ukaegemea. Kioo kikatulia tuli, cheupe kama mbalamwezi.