Kodiani na kipande cha tatu
Huu ni mwezi wa pili, hapa Kirumba, Mwanza, ninahangaika na wimbo mmoja wa kulimia wa Kisukuma kwenye kodiani ya vibonye, ambayo kibonye kilekile hutoa sauti moja mvukuto unapobanwa na nyingine unapovutwa. Kero yenyewe ni kipande cha tatu: kidole cha pete kinapofika juu, mvukuto umeshaishiwa pumzi, nami nalazimika kuvuta mahali panapodai kubana, ikatoka sauti ya mbuzi aliyekanyagwa. Mzee anayenifundisha (mwema, lakini hana haraka) hukirudia, kila mara kwa namna tofauti, kisha huuliza, “Si umesikia, mjukuu wangu?” Nimesikia, babu; vidole ndivyo havijasikia. Jirani naye siku hizi hufunga dirisha kabla sijafungua kamba ya mvukuto.