Rezolusheni iache, hesabu megabiti

Fundi wa video za harusi akifika hatua ya kutoa kazi, yaani kutengeneza faili la mwisho, kitu cha kwanza anachogusa ni rezolusheni, idadi ya nukta zinazounda picha. Kwangu mimi hicho ndicho cha kuguswa mwisho. Uzito wa faili hutokana na bitireti, yaani megabiti zinazotumika kila sekunde. Zidisha bitireti kwa sekunde za video, gawa kwa 8, umepata megabaiti. Dakika 10 kwa megabiti 8 ni megabaiti 600. Kwa megabiti 20 ni 1,500, na kwenye kioo cha simu ni wachache watakaoona tofauti.

Kwa H.264, kodeki (njia ya kubana video) iliyozoeleka, rezolusheni ya 1080p, yaani mistari 1080 ya nukta, yenye fremu (picha) 25 au 30 kwa sekunde inatosheka na megabiti 8, na ndicho kiwango ambacho YouTube wanawapendekezea wanaopakia. Fremu 60 zinataka 12. 4K, yenye nukta mara nne ya 1080p, kwa fremu 25 au 30 inataka 35 hadi 45. Ukiibana 4K kwenye megabiti 8 ili tu uandike "4K" kwenye tangazo, umeharibu picha ambayo 1080p ingeionyesha safi.

Hata hivyo sekunde hazilingani. Mtu aliyeketi akihojiwa, megabiti 4 zinamtosha, kwa sababu fremu inayofuata karibu ni ileile. Ukumbini gizani, taa za rangi zinazunguka, watu wanacheza, karatasi za kumetameta zinarushwa: kodeki haina cha kuazima kwenye fremu iliyopita, na picha inavunjika miraba miraba. Chenga za kamera gizani, zile punje zinazochezacheza kwenye picha, ndizo mbaya zaidi, maana kodeki inazihesabu kama sehemu ya picha na kuzimalizia biti. Zipunguze kwanza kwenye programu ya kuhariri.

Ndiyo maana napendelea kufunga ubora badala ya bitireti. Kwenye HandBrake, programu ya kubana video, ni ile namba ya ubora iitwayo RF: kwa 1080p weka kati ya 20 na 24. Namba ikipungua, ubora unapanda. Ukiongeza 6, faili hupungua karibu nusu. Chagua na kasi ya kubana iliyo ya polepole. Kompyuta itachelewa, lakini biti zitatumika vizuri zaidi.

Bitireti ya kufunga ina kazi yake pale nafasi ina mpaka. Flashi nyingi zimefomatiwa FAT32, mpangilio wa faili ambao haupokei faili linalozidi gigabaiti 4. Harusi ya saa 2 kwa megabiti 8 ni gigabaiti 7.2, haiingii. Shusha hadi 720p kwa megabiti 4, itaingia. Au fomati flashi iwe exFAT, mpangilio usio na mpaka huo, ukiwa na hakika televisheni ya mteja inaisoma. H.265, kodeki iliyofuata H.264, hupunguza uzito sana, ila televisheni za zamani zitatoa sauti bila picha, na simu ya malalamiko itakuja kwako.

WhatsApp huibana upya video unayoituma kama video. Itume kama dokumenti, mwisho gigabaiti 2.

Kabla ya kutoa kazi nzima, kata sekunde 20 za pale penye fujo kuliko kote, toa hizo tu, zitazame kwenye kioo kikubwa. Sauti usiiguse: AAC (kodeki ya sauti) ya kilobiti 192 kwa sekunde, kwa saa nzima ni kama megabaiti 86 tu, na mteja husikia mkwaruzo kabla hajaona miraba.