Kuta na Spika za Comuna 13

Wanaohimiza michoro na muziki kama njia ya kuchangamsha mitaa ya mijini hupenda kutaja Comuna 13, kata ya jiji la Medellín nchini Kolombia, na wana sababu. Mnamo Oktoba 2002, jeshi na polisi waliivamia kwa silaha na helikopta katika Operesheni Orión; watu walitoweka, na mama zao wakashikilia kwa miaka mingi kwamba baadhi ya miili ilifukiwa La Escombrera, dampo la vifusi lililo jirani. Vijana wa hip hop wakazigeuza kuta kuwa kumbukumbu, na rapu ikasimulia yaliyofichwa. Ngazi za umeme zenye urefu wa mita 384 zilipofunguliwa mwishoni mwa mwaka 2011, watalii walianza kumiminika, na sanaa hiyo ikawa riziki ya waongozaji, wacheza dansi na wachuuzi.

Kasoro ni kwamba michoro na muziki huhesabiwa kuwa kitu kimoja, ilhali havimwelemei mkazi kwa namna moja. Asiyependa mchoro hugeuza uso. Asiyependa spika iliyo chini ya dirisha lake hana pa kukimbilia, na biashara zinaposhindana kwa sauti, muziki uliokuwa ushahidi hugeuka chambo cha wateja. Wakazi wanaolalamikia kelele hawaichukii sanaa, ila wao hulala palepale ambapo mgeni hupita kwa saa moja.

Hata hivyo, kuikabidhi serikali rungu kunatisha. Mabaki ya binadamu yalipopatikana La Escombrera Desemba 2024, wasanii waliandika kwenye ukuta mmoja jijini kwamba akina mama wale walisema kweli. Januari 2025 manispaa iliyafuta maneno hayo kwa rangi ya kijivu, na wasanii wakarudi kuyachora upya. Mamlaka iliyofuta mchoro kwa hoja ya unadhifu haitashindwa kuzima kipaza sauti kwa hoja ya utulivu.

Kwa hiyo naona kanuni ziwe mbili. Mchoro uhitaji ridhaa ya mwenye ukuta tu, bila kibali cha maudhui. Muziki uwekewe saa na kiwango cha sauti, pasipo kugusa maneno ya nyimbo, chini ya kamati yenye wakazi wasioishi kwa fedha za watalii. Ugumu utakuwa jioni, wakati biashara inaposhamiri huku familia zimerudi kupumzika.