Kamati ya shule: uingie au ukae kando?

Mzazi akichaguliwa kuingia kamati ya shule ya msingi hapa Tanzania, wanaompongeza kwa sauti kubwa ni wale wale waliokataa kugombea. Wana sababu zao. Kazi yenyewe ni ya kujitolea, vikao huitishwa mchana siku za kazi, na posho ikipatikana ni soda.

Lakini hoja nzito ya kukataa si posho. Katibu wa kamati ni mwalimu mkuu. Ajenda anaandaa yeye, taarifa za benki anazo yeye, muhtasari anaandika yeye. Mjumbe anajua kile alichosomewa. Mambo yakiharibika, wakaguzi wanakuta sahihi ya mwenyekiti, mkulima aliyefuatwa shambani akaambiwa, "Mzee, weka saini hapa, benki wanakaribia kufunga." Fosi akaunti, yaani shule kusimamia ujenzi yenyewe bila mkandarasi, nayo imeongeza mzigo. Madarasa ya fedha za UVIKO-19 yalijengwa na mafundi wa mtaani, huku wananchi wakiingizwa kwenye kamati za ujenzi, manunuzi na mapokezi. Mtu ambaye hajawahi kukagua nondo anakabidhiwa kupokea shehena nzima.

Upande wa pili una hesabu ndogo. Tangu elimu bila malipo ianze mwaka 2016, ruzuku ya uendeshaji imepangwa kuwa Sh10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, na Sh4,000 kati yake hukatwa kwa ajili ya vitabu. Shule ya watoto 600 inabakiwa na Sh3,600,000, yaani laki tatu kwa mwezi: chaki, mitihani, ukarabati, kila kitu humo humo. (Uji na mlinzi mnajua wenyewe huwa vinaangukia kwa nani.)

Laki tatu haihitaji shahada ya uhasibu. Mama anayeuza genge anaijua bei ya saruji kwenye duka la jirani, na risiti ikizidisha elfu tatu kwa kila mfuko atashtuka kabla mkaguzi hajapanda gari kutoka halmashauri. Ndiyo maana naona ni afadhali kuingia, kwa masharti mawili: usisaini muhtasari wa kikao ambacho hakikukaa, na kila robo mwaka uione taarifa ya benki kwa macho yako, si kusomewa.

Tatizo ni kwamba mama huyo wa genge hayupo. Saa nane mchana yuko sokoni, na viti vinajaa wastaafu na wanaume wenye nafasi. Wapo wanaotaka wajumbe walipwe. Sikubaliani nao: ruzuku hiyo haibebi posho, na posho ingetuletea wagombea wa posho. Kikao kihamishiwe Jumamosi jioni. Kwa shule ni bure, ila mwalimu mkuu atarudi kazini siku yake ya mapumziko, na yeye pia hatalipwa.