Tofaa Kubwa, Chavua Dhaifu

Mkulima wa Molo au Elburgon akitaka kupanda matofaa, swali lake la kwanza ni hili: mti upi unazaa tunda kubwa? Ana haki kuuliza, kwani mnunuzi wa Nakuru hutazama ukubwa kabla ya kuonja. Ila ukubwa mwingine hutoka kwenye kromosomu, zile nyuzi za urithi ndani ya seli, nao una gharama.

Aina za matofaa kama Anna, Dorsett Golden, Gala na Golden Delicious zina kromosomu 34, yaani jozi 17. Chavua, ule unga wa kiume wa ua, inapoundwa, kila jozi huachana, 17 huku, 17 kule. Jonagold, Mutsu na Bramley zina 51, seti tatu badala ya mbili, na tatu haigawiki kwa mbili. Kromosomu husambaa ovyo: chembe moja hupata 23, nyingine 27, na nyingi huharibika. Mti wa namna hiyo hauwezi kutegemewa kuchavusha jirani yake, na tunda lake huwa na mbegu chache.

Wanaozitetea aina za seti tatu wana hoja nzito. Seli zake ni kubwa, tunda hunenepa, mti hukua kwa nguvu. Watasema pia kwamba matoke ya Kisii yana seti tatu na yametulisha vizazi na vizazi. Kweli, lakini mgomba huzaa bila chavua. Mtofaa wa seti tatu huihitaji, na wenyewe hauna ya kurudisha. Basi utapanda aina mbili nyingine, zichavushe huo na zichavushane zenyewe. Aina tatu kwenye robo ekari!

Kuna pia suala la baridi, ambayo mtofaa huihitaji ili uchanue vizuri. Molo iko takriban mita 2,500 juu ya bahari, lakini usiku wa baridi haulingani na miezi ya baridi mfululizo ambayo Jonagold, iliyozalishwa jimbo la New York, imeizoea. Anna ya Israeli na Dorsett Golden ya Bahamas hutosheka na baridi kidogo, huchanua karibu pamoja na huchavushana. Anna hulainika upesi ikiwekwa, nakiri, na Dorsett ni ndogo. Hata hivyo ningepanda hizo mbili, nipukutishe majani kwa mkono baada ya mavuno ili mti uchipue upya, kisha kila kichala nikiachie kitunda kimoja. Hapo ukubwa utapatikana, na chavua itabaki nzima.